Seva Mbili, Daftari Moja: Kwa Nini Huduma Husimama ili Kulinda Hesabu Yako

Ujumbe usemao "Huduma haipatikani kwa sasa, tafadhali jaribu tena baadaye" haumfurahishi mtu yeyote. Humkuta mtumiaji akiwa dirishani kwenye duka la dawa, mbele ya kibanda cha wakala, au gizani nyumbani akijaribu kununua umeme. Hasira anayoipata ni ya haki, na makala haya hayakuandikwa ili kuwatetea watoa huduma wanaozembea. Hata hivyo, ipo aina moja ya kusimama kwa huduma ambayo mtumiaji anastahili kuielewa, kwa sababu haitokani na mtambo ulioharibika bali na mtambo unaotimiza wajibu wake. Mtambo huo umetambua kwamba ukiendelea kukuhudumia unaweza kuandika jambo lisilo la kweli katika hesabu yako, nao umeamua kunyamaza.

Makala haya yanaeleza jambo ambalo mitambo hiyo huliogopa, kinga mbili zinazotumika dhidi yake, na hatua ambazo wewe mtumiaji unapaswa kuchukua huduma inaposimama na inaporejea.

Kutosikika si kufa

Salio lako la fedha za simu, jalada lako la hospitali na kiti ulichokata tiketi katika basi la alfajiri vyote vimeandikwa katika seva, yaani kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu na kuwajibu wateja wengi kwa wakati mmoja. Seva ni mashine, na mashine huharibika. Diski hufa, feni husimama, umeme hukatika. Kwa hiyo mtoa huduma makini hategemei seva moja. Huweka kundi la seva, ambamo moja huwa kuu na ndiyo pekee yenye ruhusa ya kuandika, na nyingine hunakili kila kinachoandikwa huku zikingoja zamu yake.

Seva hizo hupelekeana ishara fupi kila baada ya sekunde moja au chache. Wahandisi huziita ishara hizo mapigo ya moyo. Mapigo ya seva kuu yakikoma, seva ya akiba hudhani kwamba mwenzake amekufa, hushika kalamu na kuendelea kuwahudumia wateja. Mara nyingi mambo hayo hutokea usiku wa manane bila mteja yeyote kujua, na hilo ndilo lengo.

Neno la kuangaliwa hapo ni "hudhani". Seva ya akiba haina macho. Inachokijua ni kwamba haisikii kitu, na ukimya una sababu nyingi. Huenda seva kuu imekufa kweli. Huenda pia iko hai na inaendelea na kazi, ila waya kati yao umekatika. Watumiaji wa Afrika Mashariki wanaujua vema ukimya wa namna hiyo: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu upande wa kusini mwa bara letu, mawasiliano ya intaneti yalizorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kompyuta zetu hazikufa siku hiyo. Zilikuwa zimewashwa, zina umeme, zina kumbukumbu zote. Zilichokosa ni njia. Aliyekuwa upande wa pili wa bahari hakuwa na namna ya kutofautisha kati ya ofisi iliyoungua moto na ofisi iliyokatikiwa waya.

Tatizo hili halimalizwi kwa kununua vifaa vya bei kubwa. Unaweza kuongeza muda wa kusubiri kabla ya kutangaza kifo, lakini ukimya wa dakika moja hauthibitishi kifo zaidi ya ukimya wa sekunde kumi. Unaweza kuweka waya wa pili, na inafaa kuuweka, lakini nao hukatika, hasa ukiwa umepitishwa katika mtaro ule ule na wa kwanza. Mtaalamu yeyote akikuambia kwamba mtambo wake hujua kwa hakika mwenzake amekufa kwa kuwa tu hausikii, mtilie shaka.

Ubongo uliogawanyika

Sasa fikiria waya umekatika na seva zote mbili ziko hai. Seva kuu inaendelea kuandika kama kawaida. Seva ya akiba, ikiamini kwamba imeachiwa urithi, nayo inaanza kuandika. Kila moja inajiona ndiyo pekee. Wahandisi huita hali hiyo ubongo uliogawanyika. Jina hilo limeazimwa kutoka utabibu: wapo wagonjwa wa kifafa waliowahi kufanyiwa upasuaji wa kukata kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo, na uchunguzi uliofanywa juu yao na Mmarekani Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, ulionyesha kwamba upande mmoja unaweza kujua jambo ambalo mwingine haulijui kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha kuweka na kukopa kina shilingi 600,000 katika akaunti yake, na viongozi wawili wameidhinishwa kutoa fedha. Asubuhi waya umekatika. Mweka hazina aliyeko mjini anamlipa fundi shilingi 500,000, na ombi lake linafika kwenye seva ya kwanza. Seva inaangalia salio, inakuta fedha zinatosha, inalipa. Muda huo huo mwenyekiti aliye safarini anamkopesha mwanachama shilingi 400,000, na ombi lake linaangukia seva ya pili. Nayo inaangalia daftari lake, inakuta shilingi 600,000 ziko pale pale, inalipa. Hakuna aliyeiba, na hakuna seva iliyokosea hesabu. Kila daftari likisomwa peke yake ni sahihi. Yakiwekwa pamoja, shilingi 900,000 zimetoka katika akaunti iliyokuwa na shilingi 600,000.

Waya unaporudi ndipo msiba unapojitokeza. Seva mbili zinakutana, kila moja na kumbukumbu ambazo mwenzake hana, na lazima mtu au programu iamue lipi ni daftari la kweli. Baadhi ya programu hutumia kanuni rahisi kwamba kilichoandikwa mwisho ndicho kibaki, kwa kufuata saa ya mashine. Kanuni hiyo ni nyepesi kuitekeleza, na ni ya hatari, kwa kuwa hufuta maandishi ya upande mmoja bila kumwarifu yeyote. Ukiwa ndiye uliyeweka akiba yako kupitia upande uliofutwa, utakuwa na ujumbe wa uthibitisho katika simu na salio lisilolingana nao. Kwa fedha, angalau, hesabu inaweza kurudiwa. Kwa jalada la hospitali lililopoteza maelezo kwamba mgonjwa anadhurika na dawa fulani, madhara hayawezi kurekebishwa kwa kurudisha shilingi.

Kwa hiyo, pale ambapo mtambo haujui kama mwenzake yuko hai, una njia mbili tu: kuendelea kuhudumia na kuhatarisha ukweli wa kumbukumbu, au kusimama na kulinda ukweli huo. Eric Brewer wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 2000 kama dhana, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kwa hisabati: mtandao unapogawanyika, huwezi kuvipata vyote viwili kwa ukamilifu. Mtandao wa picha na salamu unaweza kuchagua kuendelea. Rafiki akiiona picha yako ikiwa imechelewa hadhuriki. Kwa hesabu za fedha na kumbukumbu za tiba, Mamlaka inaona kwamba uamuzi sahihi ni kusimama.

Akidi: nani ana haki ya kuandika

Kinga ya kwanza inajulikana kwa kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa chama cha ushirika. Ni akidi. Hakuna seva inayojitangaza kuwa kuu kwa uamuzi wake peke yake. Lazima iungwe mkono na zaidi ya nusu ya wanachama wote wa kundi, wakiwemo wale wasiosikika. Kundi la seva tatu linahitaji kura mbili. Kundi la tano linahitaji tatu. Waya ukikatika na kundi likagawanyika, upande mmoja tu unaweza kuwa na wingi huo, na upande wa wachache hulazimika kuweka kalamu chini hata kama kila mashine yake ni nzima.

Inafaa kutazama jambo hili kwa makini, kwa sababu akidi ya seva ni kali kuliko akidi ya wanadamu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaweka akidi ya kikao cha Bunge kuwa nusu ya wabunge wote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaridhika na wabunge 50 kwa Bunge la Taifa. Kwa binadamu viwango hivyo havina tatizo, kwani ukumbi ni mmoja na Spika ni mmoja, na wabunge waliobaki nje wanajua wako nje. Kwa seva hali ni tofauti. Nusu kamili ingeruhusu nusu mbili kukaa katika kumbi mbili, kila moja ikapitisha sheria zake kwa jina la Bunge zima. Ndiyo maana seva huhitaji zaidi ya nusu. Makundi mawili yoyote yenye zaidi ya nusu ya wanachama lazima yawe na angalau mwanachama mmoja anayepatikana katika yote mawili, na huyo hapigi kura mara mbili.

Mfano wa Bunge si wetu peke yetu. Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alipochapisha mwaka 1998 utaratibu wake wa upigaji kura wa mashine, aliusimulia kama habari za bunge la kale katika kisiwa cha Paxos cha Ugiriki, ambamo wabunge hutoka na kuingia ukumbini wapendavyo na wajumbe wanaobeba barua huchelewa njiani. Utaratibu huo bado unaitwa Paxos. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu mwingine, Raft, kwa lengo kuu la kuufanya ueleweke kwa urahisi zaidi, nao unatumika leo katika programu nyingi.

Kutokana na hesabu hiyo, seva mbili pekee haziwezi kuwa na akidi ya maana. Ikikosekana moja, iliyobaki ina kura moja kati ya mbili, yaani nusu, nayo haitoshi. Dawa yake ni kuongeza shahidi: kompyuta ndogo, isiyo na daftari lolote la wateja, ambayo kazi yake ni kupiga kura ya tatu tu. Shahidi huyo akae mahali pa tatu. Akiwekwa katika chumba kile kile cha seva kuu, chumba kikikosa umeme watakufa wote wawili, na seva ya akiba itabaki na kura moja kati ya tatu. Vivyo hivyo, kuongeza seva ya nne katika kundi la tatu huonekana kama usalama zaidi, kumbe si hivyo. Kundi la nne linahitaji kura tatu, kwa hiyo linavumilia kupotelewa na seva moja tu, sawasawa na kundi la tatu.

Uzio: kumzuia aliyeondolewa

Akidi inaamua nani anapaswa kuandika. Haimzuii yule asiyepaswa. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ndani yake hupita makosa mengi.

Seva kuu inaweza kuganda kwa sekunde kadhaa, kwa sababu ya kuzidiwa na kazi au hitilafu ya diski. Wenzake wanakutana, akidi inatimia, kiongozi mpya anachaguliwa. Kisha ile ya zamani inazinduka. Haikuhisi kwamba muda umepita. Kwa upande wake ilikuwa katikati ya kuandika mstari mmoja, na inaumalizia. Mstari huo ukiingia katika diski ambayo kiongozi mpya naye anaiandika, kumbukumbu zinaharibika. Waswahili husema mafahali wawili hawakai zizi moja. Wahandisi nao wamefikia uamuzi huo huo, na kinga yao ya pili inaitwa uzio: kabla kiongozi mpya hajaandika neno lolote, yule wa zamani lazima afungiwe nje kwa namna ambayo haitegemei hiari yake.

Njia iliyo kali zaidi ni kumzimia umeme. Seva mpya hutuma amri kwa kifaa kinachogawa umeme, kifaa kinakata umeme wa seva ya zamani na kurudisha jibu kwamba umekatika. Miongoni mwa wahandisi, njia hii ina jina la mzaha mkavu lenye maana ya "mpige mwenzako risasi ya kichwa". Njia nyingine ni kumfungia mlango wa ghala: diski ya pamoja huambiwa isipokee tena maandishi ya seva fulani, nayo hukataa. Njia ya tatu ni ya namba. Kila uongozi mpya hupewa namba kubwa kuliko uliotangulia, na ghala likishaona amri yenye namba 34, hukataa kila amri yenye namba 33, kama karani anavyoirudisha barua yenye mhuri wa uongozi uliokwisha muda wake.

Jambo lisilokwepeka katika uzio ni jibu la uthibitisho. Kiongozi mpya asipopata jibu kwamba wa zamani amezimwa, hangoji kidogo kisha akajiendea, husimama kabisa. Hapo ndipo mazingira yetu huleta mtihani wake. Seva nyingi huzimwa kwa mbali kupitia kadi ndogo iliyomo ndani ya seva yenyewe, inayotumia umeme wa seva hiyo hiyo. Umeme ukikatika katika jengo, seva inakufa na kadi yake inakufa nayo. Seva ya akiba iliyoko jengo la pili inatuma amri ya kuzima, hakuna wa kujibu, nayo inakataa kuanza kazi, wakati mwenzake kweli amekufa. Mtoa huduma aliyejenga mtambo wake kwa kuiga maelekezo ya nchi ambako umeme haukatiki ovyo hulijua hilo siku ya kwanza ya mgao. Suluhisho lipo: njia ya pili ya uzio isiyotegemea umeme wa seva, kama vile kufungiwa ghala, au saa ya ulinzi ndani ya kila seva inayoizima yenyewe pindi inapopoteza mawasiliano na wenzake kwa muda uliopangwa.

Baadhi ya mafundi hukasirishwa na usumbufu huo na kuuzima uzio kabisa. Ni mpangilio wa mstari mmoja tu katika programu, na baada yake kila kitu huonekana kwenda vizuri kwa miezi. Wengine hupiga simu usiku na kuamuru mtambo uendelee, wakithibitisha kwa mkono kwamba seva ya zamani imezimwa, ilhali hakuna aliyekwenda kuiangalia. Tabia zote mbili ni sawa na kutoa betri ya king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Matukio mawili ya GitHub

Kinga hizi si nadharia, na kampuni kubwa zimeumia kwazo. GitHub ya Marekani, ambamo waandishi wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao, iliwahi kupata matukio mawili na kuyaeleza hadharani, jambo linalostahili kuigwa.

La kwanza lilitokea tarehe 22 Desemba 2012. Seva zake za mafaili zilipangwa mbili mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri, na uzio wa kuzimiana umeme ulikuwapo. Wakati wa matengenezo, mtandao kati ya seva uliganda kwa muda mfupi. Katika jozi nyingi, kila seva ilidhani mwenzake amekufa na ikatoa amri ya kumzima. Mtandao uliporudi amri zikafika, na baadhi ya jozi zikabaki bila seva hata moja, kwani wote wawili walikuwa wamepigana risasi. Uzio usio na akidi ya kuamua nani mwenye haki ya kupiga huleta matokeo ya namna hiyo. Ni afadhali kuliko madaftari mawili, lakini huduma imekufa.

La pili ni la tarehe 21 Oktoba 2018. Mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mawasiliano, na kituo kikuu cha kumbukumbu cha mashariki mwa Marekani kikakatika kwa sekunde 43. Safari hii akidi ilikuwapo na ilifanya kazi haraka: seva zilizobaki zilipiga kura na kuhamishia uongozi magharibi mwa nchi. Lakini kituo cha mashariki kilikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwa yamenakiliwa upande wa pili. Hadi wahandisi walipoielewa hali, magharibi nako kulikuwa kumeandikwa mambo mapya kwa karibu dakika 40. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu ambazo mwingine hauna. Kampuni ilichagua kulinda kumbukumbu za wateja badala ya kuharakisha huduma, ikasimamisha baadhi ya shughuli na kurejesha nakala za akiba. Kazi hiyo ilichukua saa 24 na dakika 11. Katika mojawapo ya makundi yake yenye shughuli nyingi, maandishi 954 yalihitaji kuchunguzwa na kupatanishwa.

Sekunde 43 za kukatika ziligeuka siku nzima ya matengenezo. Mtumiaji anayesikia kwamba "hitilafu ilikuwa ya dakika moja tu, mbona huduma haijarudi?" sasa anaweza kuelewa kwamba muda mrefu zaidi huenda kwenye kuoanisha madaftari, si kwenye kuunganisha waya.

Unachopaswa kufanya huduma inaposimama

Ukiwa umetuma fedha na hukupata jibu, hali ya muamala wako haijulikani. Wewe huijui, na inawezekana mtoa huduma naye bado hajaijua. Usirudie kutuma. Subiri, kisha angalia salio na taarifa fupi ya miamala kabla ya kujaribu tena. Wengi wanaolalamika kwamba wamekatwa mara mbili walituma mara mbili.

Ukiwa kwa wakala au dukani, usikabidhi fedha taslimu wala bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu ya mtu mwingine. Ngoja ujumbe wa uthibitisho uingie katika simu yako, na ulinganishe salio jipya na la awali. Ujumbe wenye kumbukumbu namba ya muamala usiufute, hasa wa saa zilizokaribia kukatika kwa huduma. Ikitokea kwamba muamala wako ulikuwa katika daftari lililoachwa, ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Huduma ikirejea, pitia miamala yako ya siku hiyo mmoja mmoja. Ukikuta salio limezidi, usilitumie. Fedha hizo si zako na zitarudishwa hesabu zitakapooanishwa, na ukiwa umezitumia utadaiwa. Jihadhari pia na simu za matapeli. Nyakati hizo hujitokeza watu wanaojifanya wahudumu wa wateja na kuahidi "kurudisha muamala ulioganda" endapo utawatajia namba ya siri. Hakuna hatua yoyote ya kuoanisha kumbukumbu inayohitaji namba yako ya siri.

Kwa wanaonunua mtambo

Chama cha akiba na mikopo, zahanati, shule na mfanyabiashara wa kati navyo ni watumiaji, na siku hizi huuziwa mitambo ya seva mbili kwa ahadi kwamba huduma haitasimama kamwe. Ahadi hiyo peke yake ni dalili mbaya. Muulize muuzaji nani anapiga kura ya tatu, na amekaa wapi. Muulize uzio umewashwa au umezimwa, unatumia njia gani, na nini hutokea umeme wa jengo zima ukikatika. Kisha, kabla ya kulipa awamu ya mwisho, mwombe achomoe waya unaounganisha seva hizo mbele yako huku zikiwa kazini, na mhesabu pamoja ni seva ngapi zinaendelea kuandika. Jibu sahihi ni moja. Zikiwa mbili, usipokee mtambo. Jaribio hilo lirudiwe walau kila mwaka na kila baada ya mabadiliko makubwa, na liandikwe katika mkataba, kwa kuwa lisiloandikwa halifanywi.

Namna ya kulalamika

Huduma ikisimama mara kwa mara, au hesabu yako ikiharibika baada ya kusimama, anza kwa mtoa huduma wako. Hakikisha unapewa namba ya lalamiko na uiandike pamoja na tarehe na saa. Usiporidhika na majibu au ukikaa bila kujibiwa, wasilisha lalamiko lako kwa Mamlaka kwa maandishi. Kwa masuala ya fedha za simu nchini Tanzania, usimamizi wa mifumo ya malipo uko chini ya Benki Kuu kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, hivyo lalamiko lako linaweza kupelekwa huko.

Katika barua yako eleza mambo haya: namba ya simu au akaunti inayohusika, kumbukumbu namba ya muamala, saa uliyoutuma, salio lililoonekana kabla na baada, na namba ya lalamiko uliyopewa na mtoa huduma. Ambatisha nakala ya ujumbe wa uthibitisho kama unao. Namba ya siri usiiandike.